Mkanda wa Kiganja kwa Kamera Nzito: Unapofaa na Usipofaa

Kamera ya Canon EOS 5D Mark IV, ikiwa na betri na kadi ndani, ina uzito wa gramu 890, na lenzi ya EF 70-200mm f/2.8L IS III USM ina gramu 1,480. Anayevishika vyote viwili kwa pamoja, basi, amebeba takriban kilo 2.4 hata kabla ya kuongeza flashi. Uzito huo haumtishi mtu anayeunyanyua mara moja na kuushusha. Kinachochosha ni kuushikilia kwa saa nyingi, kwa sababu vidole vya mkono wa kulia hulazimika kubana kishikio cha kamera muda wote, hata pale ambapo hakuna picha inayopigwa na mpigapicha anasubiri tu tukio litokee. Kwa kazi ya namna hiyo nimekuwa nikitumia mkanda wa kiganja, yaani ule mkanda mpana unaopita juu ya mgongo wa mkono na kuufunga kwenye ubavu wa kamera, na tathmini hii inahusu kile ambacho kifaa hicho kinaweza kufanya na kile ambacho watu hukitarajia kimakosa.

Kwanza nitenganishe vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Kamba ya kifundo cha mkono ni kitanzi kinachoning'inia kwenye kamera ili kuidaka ikiponyoka, na haisaidii lolote katika kuishika. Mkanda wa kiganja hufungwa sehemu mbili: juu, kwenye kijicho cha chuma kilicho upande wa kulia, palepale mkanda wa shingoni unapofungwa, na chini, kwenye bamba dogo linalokazwa kwa skrubu katika tundu la tripodi. Mkanda wa Canon uitwao E2 na ule wa Peak Design uitwao Clutch yote hufuata mpango huo, ingawa inatofautiana katika namna ya kukaza na kulegeza. Mkanda ninaoutumia mimi ni wa mpango huohuo, wenye upande wa ndani laini uliojazwa sponji na bizimu moja ya kurekebishia urefu.

Faida yake kubwa haitokani na kupunguza uzito, kwa kuwa kamera inabaki na gramu zilezile. Inatokana na kubadilisha kazi ya mkono. Bila mkanda, kamera haianguki kwa sababu tu vidole vimeibana, na msuli wa mkono kati ya kiwiko na kiganja hufanya kazi bila kupumzika. Mkanda ukifungwa ipasavyo, mgongo wa mkono huegemea mkanda na kiganja huegemea kishikio, kiasi kwamba mtu anaweza kuvinyoosha vidole vyote na kamera ikabaki mahali pake. Tofauti hiyo huonekana zaidi katika vipindi vya kusubiri kuliko wakati wa kupiga picha zenyewe, na ndiyo maana anayeujaribu mkanda kwa dakika chache dukani hawezi kuuelewa vizuri.

Hata hivyo, matokeo yote hayo yanategemea jinsi ulivyokazwa, na hapa ndipo watumiaji wengi huukatia tamaa mapema. Ukiulegeza sana, kamera hujitenga na kiganja kila vidole vinapofunguka, kisha huyumba, na mpigapicha hujikuta anaibana tena kwa nguvu ileile ya awali. Ukiukaza kupita kiasi, mkono hukaa imara lakini vidole hupoteza uhuru: kidole cha shahada hukifikia kitufe cha kupigia picha bila kuweza kurudi nyuma hadi kwenye gurudumu la juu, na kidole gumba hubaki karibu na kitufe cha fokasi pasipo kushuka kwenye gurudumu kubwa la nyuma. Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza si cha kustarehe kwa mkono peke yake. Fungua vidole vyote huku mkono wa kushoto ukiwa tayari chini ya kamera. Ikikaa bila kuteleza, peleka kidole cha shahada kwenye kila kitufe cha juu na kidole gumba kwenye kila kidhibiti cha nyuma unachokitumia mara kwa mara bila kuondoa jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Kisichofikika kwa urahisi kitakukwamisha wakati wa haraka, na ni afadhali kuulegeza mkanda kidogo kuliko kuzoea kuuchomoa mkono kila unapotaka kubadilisha mpangilio. Mikanda inayoweza kukazwa na kulegezwa kwa mvuto mmoja ina ubora wa wazi katika jambo hili kuliko yenye bizimu ya kawaida, ambayo ikishapangwa huwa haiguswi tena.

Jambo la pili linalostahili kutazamwa kwa makini kabla ya kununua ni bamba la chini. Kwa kuwa linachukua tundu la tripodi, swali la kwanza ni kamera itawekwaje juu ya tripodi. Mwenye lenzi ndefu kama hiyo ya 70-200 hana shida, kwa sababu lenzi ina pete yake yenye mguu wa kufungia tripodi, na tundu la kamera hubaki huru kwa ajili ya mkanda. Mwenye lenzi fupi zisizo na pete ndiye anayebanwa: ama atafute bamba lenye tundu lake chini, ama lile lililochongwa kwa umbo la Arca-Swiss linaloingia moja kwa moja kwenye kichwa cha tripodi, ama akubali kulifungua kila anapohitaji tripodi, jambo ambalo kwa maoni yangu linatosha kumfanya auache mkanda nyumbani. Swali la pili ni mlango wa betri, ambao katika kamera nyingi za aina hii uko chini upande wa kishikio, karibu kabisa na sehemu ambayo bamba linataka kukaa. Bamba fupi lililogeuzwa vizuri huuacha mlango ufunguke. Bamba refu huuziba. Muuzaji ataonyesha mkanda ukiwa umefungwa, lakini ni juu ya mnunuzi kuomba aufungue mlango huo mbele yake.

Skrubu ya bamba nayo hulegea. Kila kamera inaponing'inia, mkanda hulivuta bamba upande mmoja, na mvuto huo unaorudiwa hulizungusha kidogo kidogo mpaka mkanda ukae mshazari. Bamba lenye uso wa mpira hushika vizuri zaidi kuliko la chuma kitupu, na skrubu inayokazwa kwa ufunguo wa pembe sita hutulia kuliko ile inayokazwa kwa sarafu au kwa kucha. Kwa vyovyote vile, kuikagua kabla ya kazi ni lazima, kwani skrubu hiyo moja ndiyo inayoushikilia upande mzima wa chini.

Katika kupiga picha wima mkanda una tabia ya kuvutia. Kamera ikigeuzwa huku mkono wa kulia ukiwa juu, mkanda hulala juu ya mgongo wa mkono na sehemu ya uzito huuegemea moja kwa moja, hivyo mkao ambao kwa kawaida huchosha kuliko wote huwa mwepesi kiasi. Lakini mwenye gripu ya betri, yaani kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya kamera, yenye kitufe chake cha kupigia picha wima hapati faida hiyo, kwa kuwa ili akitumie kitufe hicho inambidi auchomoe mkono kwenye mkanda na kushika mahali pengine, kisha aurudishe anapoigeuza kamera tena. Gripu nyingi huwa na kijicho cha mkanda kwenye pembe ya chini, na kwa njia hiyo humwondolea mtu haja ya bamba, ila mgongano kati ya mikao miwili hubaki. Hali ni hiyohiyo kwa kamera zilizoundwa na gripu ya wima mwilini, kama Nikon Z9 yenye gramu 1,340 pamoja na betri na kadi. Anayebadilisha mkao kila mara ataona mkanda ni kero. Anayepiga kwa ulalo muda mwingi hataona tatizo.

Lipo pia tarajio moja ambalo mkanda hauwezi kulitimiza. Lenzi nzito huuvuta uso wa kamera kwenda chini, na mkanda ulio kwenye ubavu wa kulia hauna nguvu ya kuzuia mvuto huo. Kazi hiyo ni ya mkono wa kushoto, ambao lazima uwe chini ya lenzi, karibu na mahali uzito unapolingana. Vilevile, mkanda haufuti kanuni ya zamani ya kutumia kasi ya shata isiyopungua moja gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani 1/200 ya sekunde kwa milimita 200, pale ambapo lenzi haina kizuia mtikisiko. Mkono usiochoka hutetemeka kidogo kuliko uliochoka, ndiyo, lakini huo ni msaada wa pembeni.

Kuhusu malighafi sina mengi ya kusema. Ngozi halisi hupendeza na hujifinyanga kwa umbo la mkono, lakini hunyonya jasho na huchelewa kukauka. Nailoni yenye kitambaa laini ndani hukauka upesi na kuoshwa kwa urahisi.

Mkanda wa shingoni usiuondoe kwa sababu tu umenunua wa kiganja. Mkono ukishatoka ndani yake, mkanda wa kiganja haulindi chochote, na mkono hutoka mara nyingi kuliko mtu anavyodhani: wakati wa kubadilisha lenzi, na wakati wa kutoa kadi ya kumbukumbu, ambayo katika 5D Mark IV iko nyuma ya mlango uliofunikwa na kiganja chenyewe. Vijicho vingi vya kamera vina nafasi ya kutosha kupitisha mikanda yote miwili ikiwa utepe wa mmoja wao ni mwembamba. Kwa mwenye kamera ndogo isiyotumia kioo, kwa mfano Sony A7 III, ambayo bila lenzi ina gramu 650, ikifungwa lenzi fupi, sioni haja ya gharama hii. Na kwa kamera inayotumiwa na watu wawili wenye mikono ya ukubwa tofauti, ningechagua mkanda unaorekebishwa kwa mvuto mmoja au nisinunue kabisa.