Unatafuta jogoo wa kuchi? Hivi ndo ningepanga machaguo yako

Kuchi ni kuku wetu wa asili, ila ukimuona tu unajua huyu sio wa kawaida, miguu mirefu minene, shingo ndefu, anasimama wima kama askari wa gwaride, kilemba kidogo kimelala kichwani na mdomo mfupi uliopinda. Yupo Zanzibar, Pwani, kanda ya ziwa, na ukivuka mpaka utamkuta Mombasa na Lamu. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha ana undugu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani, na hapo ndo ujue ule ukorofi wake haujaanza jana, upo kwenye damu. Jogoo aliyekomaa anacheza kwenye kilo 2.5 mpaka 3 na bei yake inaruka, kuna wanaouza laki na zaidi, kwa hiyo usikurupuke.

Mi naanza na tabia kwanza, rangi baadae. Rangi inauza picha ila tabia ndo utaishi nayo.

NAMBA 1: Jogoo kijana, miezi 7 hadi 9

Huyu ndo wa kwanza kwangu bila ubishi. Ameshaanza kuwika na kupanda, umbo linaonekana, na bado ana miaka ya kukufanyia kazi. Umri wake uangalie kwenye ule mwiba wa nyuma ya mguu, kwa kijana unakuwa kinundu kifupi butu, ukikuta mrefu umechongoka huyo ni mtu mzima hata muuzaji aape vipi.

Sasa tabia. Nenda banda la muuzaji asubuhi wakati wa chakula, usiletewe jogoo kwenye kiroba barabarani. Mwaga mahindi kidogo halafu simama pembeni utulie. Jogoo mzuri anadonoa punje anaiachia chini, anadonoa tena anaiachia, huku anaita ko-ko-ko mpaka mitetea ije ile kwanza. Huyo chukua. Anayewafukuza mitetea kwenye chakula muache hapo hapo. Halafu ingia bandani taratibu, akikusogelea upande upande ameshusha bawa moja na manyoya ya shingo yamesimama, huyo anakupima wewe, na kama nyumbani una watoto wadogo usimchukue hata kama ni mzuri namna gani, kuchi akirusha miguu anachana ngozi kabisa. Ukali kwa jogoo mwenzake ni kitu cha kawaida kwa kuchi, ukali kwa binadamu ni kasoro, na mara nyingi watoto wake wanarithi.

NAMBA 2: Jogoo mzima ambaye watoto wake unawaona

Faida ya huyu ni kwamba hununui ahadi. Unaomba uonyeshwe vifaranga na matemba wake (mitetea ambayo haijaanza kutaga), ukiona wamenyooka miguu na wanasimama wima kama baba yao, umepata mbegu. Ila uliza anauzwa kwa nini. Jibu zuri ni kwamba mabinti zake wamekua na mwenye banda hataki awapande. Jibu baya utaliona mwilini, makovu kichwani, jicho limefifia, kilemba kimechanika, huyo katoka kupiganishwa na mi siungi mkono kabisa ule mchezo wala kuwapa hela wanaoucheza.

NAMBA 3: Chotara wa kuchi na mtetea wa kienyeji

Kama shida yako ni nyama na mbegu kubwa kidogo kwenye banda la nyumbani, chotara anakutosha kabisa na mfuko haulii. Wengi wanakuwa wapole kuliko baba zao. Ubaya ni pale anapouzwa kwa bei ya kuchi halisi. Angalia kilemba, kikiwa kirefu kimesimama kama msumeno na kifua kimefunikwa manyoya mengi laini, hapo kuna damu nyingine, anza kushusha bei.

NAMBA 4: Mayai ya kutotolesha au vifaranga

Rahisi kununua ila ni safari ndefu, siku 21 za kuatamia, halafu takriban nusu watakuwa mitetea, halafu wale majogoo wakianza kubalehe wanaanza kuuana na itabidi uwatenganishe. Ni ya mtu mwenye nafasi na subira.

Kuhusu manyoya watu wanadanganyika sana. Kuchi ana manyoya machache yaliyobana mwili, na kifuani unakuta ngozi nyekundu iko wazi, hiyo ni asili yake sio ugonjwa. Ila ngozi iwe safi, ukikuta magamba, damu au vishina vya manyoya vimekatika, hapo ni wadudu au anadonolewa. Rangi zipo nyingi, mwekundu wa shingo ya dhahabu na mkia mweusi unaong'aa kijani ndo anapendwa zaidi, wengine wanataka mweupe au mwenye madoa ya kanga. Chagua unayopenda, haiongezi hata gramu. Shika miguu pia, magamba yakiwa yameinuka ana utitiri, unatibika kwa kupaka mafuta mazito ila tumia kushusha bei.

Ukimfikisha nyumbani mtenge wiki 2 kabla hajaonana na kuku wako, na kama hajachanjwa dhidi ya mdondo (Newcastle) mpe chanjo, ile ya tone moja la jicho kisha unarudia kila miezi 3. Kumuingiza bandani fanya usiku wakiwa wamelala. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 mpaka 10 inatosha, wa pili usilete kama huna banda lingine, na matemba wake wakikaribia kutaga tafuta mfugaji mwingine wa kuchi mbadilishane majogoo.