Ilimba ya fundi wa Dodoma: inavuma kweli, ila jiandae kutafuta buibui

Ilimba ni marimba ya mkononi, vyuma vyembamba juu ya boksi unavyovipiga kwa vidole gumba. Nianze na hili maana watu wanaliwa hela sana, ile marimba ndogo iliyochorwa twiga mnayoikuta kwenye maduka ya zawadi za watalii ni pambo la ukutani jamani. Rafiki yangu anayo, vyuma vimepangwa ilimradi vilie ting ting, hakuna aliyekaa kuvitune.

Hii yangu nimechukua kwa mzee mmoja pembeni ya Dodoma mjini, anachonga na kupiga mwenyewe, na kwa kweli hiyo ndo sababu ya kumfuata. Wagogo wanaiita ilimba, ndo chombo alichozunguka nacho dunia marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo aliyeishi Bagamoyo hadi akafariki 2003. Zile kubwa zinafika vyuma zaidi ya 50 na usidhani vyote vinapigwa, vingine vipo kuitikia wenzao tu. Yangu ni ya kati, boksi la mbao, vyuma vimepondwa kwa nyundo mpaka vikawa bapa.

Sasa utamu wenyewe ni ule mvumo. Kwenye boksi kuna vitobo vimezibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe anaofunikia mayai, ukipiga chuma unatetemeka na sauti inatoka na mkwaruzo wake. Mdogo wangu kusikia tu akauliza nani kapasua spika hahaha. Bila huo mkwaruzo Mgogo atakwambia hiyo bado haijalia.

Halafu msije na kinanda mkategemea vilingane. Upangaji wa sauti zake unafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja nene, chukua zeze, gusa waya kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, huku unapiga, utazisikia moja moja zinapanda, hizo ndo wanaimbia Wagogo na hizo ndo zimewekwa kwenye vyuma. Kwa hiyo noti nyingine zinaangukia katikati ya noti za kinanda, mwenzangu wa kwaya alikunja uso mpaka basi, lakini mzee alipoanza kuimba juu yake kila kitu kikakaa mahali pake. Mzee anaanza kuimba kwanza, vidole vinafuata, na ndivyo alivyonifundisha, hakunionyesha noti hata moja.

Usumbufu upo. Utando mmoja ulichanika kwenye basi kurudi Dar, nikajaribu nailoni laini ya mfuko, inavuma ila siyo yenyewe, ikabidi nisake kifuko cha buibui nyuma ya kabati (mke wangu alinitazama sana siku hiyo). Unyevu wa huku nao unaleta kutu, futa vyuma kila ukimaliza kupiga. Na havikazwi kwa skrubu, vikisogea unagonga taratibu, ukiingiza ndani sauti inapanda, ukivuta nje inashuka.

Bei nimelipa 120,000, ya twiga ni kama 15,000, sasa chagua mwenyewe unataka kupiga au kutundika.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vyuma vya pembeni, ncha zake kali mno, kidole gumba kilivimba. Mwambie azipige tupa kabla hujalipa, anakubali bila neno.