Gemu ndogo za laptopu ya nyumbani: zipi za kununua, zipi za kuacha

Shule zikifungwa, swali huwa lile lile kutoka Tudor hadi Likoni: tuwatilie watoto gemu gani kwenye laptopu, na sisi wakubwa tucheze nini baada ya tarawehe au jioni ya Jumapili? Laptopu nyingi za nyumbani hapa Mombasa ni zile zilizotumika ng'ambo, ex-UK kama zinavyoitwa madukani, zenye RAM ya GB 4 au 8 na zisizo na kadi ya picha (graphics card) ya peke yake. Gemu kubwa za mpira na za vita zinazishinda. Lakini gemu za kupitisha muda, na zile za zamani zilizozaliwa kwenye mashine za kutia sarafu, zinakwenda vizuri kabisa, na bei yake ni ndogo.

Nimezipanga kwa maswali matatu. Je, sheria ya gemu inafahamika kwa dakika moja bila kusoma maelezo? Je, inachezeka intaneti ikikatika? Je, mkubwa na mdogo wanaweza kushindana bila mmoja wao kukaa pembeni akilia? Lile la pili silifanyii suluhu. Gemu niliyoilipa sitaki ifungwe na kukosa bando.

Ya kwanza: Peggle Deluxe

Najua wengi wangeanza na Pac-Man. Mimi naanza na Peggle, ya kampuni ya PopCap, iliyotoka mwaka 2007. Una mipira 10 na mzinga ulio juu ya skrini. Chini yake kuna vigingi kama mia hivi, na 25 kati ya hivyo ni vya rangi ya machungwa. Viondoe vyote 25 kabla mipira haijakwisha. Basi, umeshaijua gemu yenyewe.

Wapo wanaosema ni bahati tupu, kwa vile mpira ukishagonga kigingi cha kwanza hurukaruka utakavyo wenyewe. Aliyecheza keram barazani hatakubali maneno hayo. Pigo la kwanza ni lako: pembe ni yako, na kuamua ugonge ukuta kwanza au uende moja kwa moja ni juu yako. Halafu kuna kikapu kinachokwenda huku na huku chini ya skrini. Mpira ukitumbukia humo unarudishiwa. Mchezaji mzuri anapiga kigingi na wakati huo huo anakipigia hesabu kikapu. Ukiwaangalia watoto wakicheza utaona baada ya siku chache wanaacha kupiga ovyo na kuanza kunyamaza kabla ya kila pigo. Hapo wanafikiri.

Kigingi cha mwisho kinapokaribiwa, picha inasogea karibu na mwendo unakuwa wa polepole, na kikigongwa unapigwa muziki wa Beethoven kwa sauti kubwa. Nyumba nzima inajua kwamba mtu ameshinda. Gemu chache sana zinajua kusherehekea namna hii.

Kilichoiweka juu ya zote ni mchezo wake wa wawili. Mnapeana zamu kwenye laptopu moja na kipanya kimoja, ubao ule ule, anayepata pointi nyingi ndiye mshindi. Babu na mjukuu wanakaa sawa hapa, kwa sababu hakuna haja ya vidole vyepesi. Haihitaji kununua kitu kingine isipokuwa kipanya. Kidude cha kugusa kilicho chini ya kibodi kinafaa, lakini kulenga nacho kunachosha. Bei yake ya kawaida ni kama dola 5, yaani shilingi 600 na ushei.

Ya pili: Pac-Man Championship Edition DX+

Pac-Man yenyewe, gemu ya kula vidoti kwenye vichochoro huku ukiwakimbia mazimwi, ilitoka Japani mwaka 1980, kazi ya Toru Iwatani wa kampuni ya Namco. Uzuri wake umo kwenye wale mazimwi wanne, ambao kila mmoja ana tabia yake. Mwekundu anakufuata nyuma. Wa waridi analenga mbele ya pale unapoelekea, ndiyo maana unajikuta umebanwa katikati hata kama ulikuwa unakimbia vizuri. Mtoto akishaligundua hilo mwenyewe, anaanza kucheza gemu nyingine kabisa.

Lakini ile ya asili ina shida moja nyumbani: haina kikomo cha saa. Hodari anaweza kung'ang'ania kibodi jioni nzima huku wengine wanamtazama. Kwa hakika watu wamewahi kuifikisha hadi leveli ya 256, ambako nusu ya skrini huharibika na gemu haiwezi kuendelea, kwa kuwa hesabu ya leveli iliwekewa nafasi ndogo kwenye kumbukumbu ya mashine. Championship Edition, ambayo Iwatani huyo huyo aliisimamia mwaka 2007, ililiondoa tatizo hilo kwa kuweka saa. Toleo la DX+ la kompyuta lilikuja mwaka 2013. Unapewa dakika 5 au 10, unakusanya pointi, muda ukiisha umeisha. Mpe mwenzio.

Uwanja umegawanywa kulia na kushoto. Ukimaliza vidoti vya upande mmoja, tunda linatokea upande wa pili; ukilila, vidoti vipya vinajaa. Mazimwi waliolala wanaamka unapowapita na kukufuata kwa mstari mrefu kama gari moshi, na ukila kidonge cha nguvu unageuka na kuwameza wote. Nakuambia kweli, sijui starehe ya gemu inayoizidi hiyo. Mishale ya kibodi inatosha, ila ijaribu kibodi kabla ya kununua laptopu, maana kwenye laptopu zilizotumika mishale ni miongoni mwa vitufe vinavyochakaa mapema.

Ni kama dola 10. Anayetaka ile ya 1980 kama ilivyokuwa atafute Pac-Man Museum+ ya mwaka 2022, yenye gemu 14 za ukoo huo. Mimi ningeanza na DX+.

Ya tatu: Plants vs. Zombies, ile ya kwanza

Ya mwaka 2009, iliyobuniwa na George Fan, nayo pia ni ya PopCap. Unapanda mimea kwenye safu za bustani ili kuwazuia wafu wanaokuja kuvamia nyumba. Alizeti zinakuzalishia jua, na jua ndiyo pesa yako. Ukitumia lote kununua silaha mapema, utafilisika wimbi kubwa likifika. Ukipanda alizeti tu, utaliwa. Mtoto wa miaka 8 anajifunza bajeti humo bila kuhubiriwa. Ina hatua 50 katika safari kuu, na kila mtu nyumbani anaweza kufungua jina lake ili asiharibu alipofika mwenzake.

Imeshuka hadi ya tatu kwa sababu moja tu: ni ya mtu mmoja mmoja. Hakuna ushindani wa papo kwa papo. Kwa nyumba yenye mtoto mmoja, ipandishe iwe ya kwanza. Na uwe mwangalifu dukani, kwani zile zilizofuata za jina hili kwenye simu zimejaa vitu vya kununua ndani ya gemu. Unayoitaka ni ya kompyuta, iliyoandikwa Game of the Year Edition.

Bejeweled 3 ya mwaka 2010 naitaja kwa ufupi. Ni ya kupanga vito vitatu vya rangi moja, na ina mchezo wa Zen usio na saa wala kushindwa. Mnunulie mtu mzima anayetaka kutuliza akili. Watoto wataichoka.

Ya nne: Metal Slug 3, kwa wenye pedi mbili za kuchezea gemu

Hii ni ya SNK ya Japani, mwaka 2000, wakati mashine za sarafu zilikuwa zinaaga. Wawili mnakwenda pamoja mkipiga risasi, na kila kitu kimechorwa kwa mkono kwa subira ya ajabu: ngamia, kaa wakubwa, askari wanaoota moto mpaka mkawashtua. Kwa michoro peke yake inastahili heshima. Ugumu wake ulitengenezwa ili mashine imeze sarafu za wachezaji. Kwenye kompyuta unaendelea bure kila ukifa, kwa hiyo wasioweza nao wanafika mwisho. Hatua ya mwisho ni ndefu kupita kiasi.

Ina damu, siiweki mbele ya watoto wadogo.

Usijaribu kuicheza wawili kwenye kibodi moja. Kibodi nyingi za bei ya chini hazisomi vitufe vingi vikibonyezwa pamoja: mwenzio akiruka na kupiga, wewe unaganda, na hapo ugomvi unaanza. Tafuta pedi mbili za USB. Pedi nyingine, kama Logitech F310, zina swichi nyuma yenye herufi X na D. Ikiwa gemu haiioni pedi, sogeza swichi hiyo kabla hujairudisha dukani ukidhani ni mbovu.

Wapenzi wa ngumi wanaweza kuweka Street Fighter 30th Anniversary Collection mahali hapa. Ina gemu 12, pamoja na Street Fighter II ya mwaka 1991. Na anayetaka kuonja tu, Capcom Arcade Stadium inaanza bure na gemu ya ndege iitwayo 1943, nyingine unalipia.

Za kuacha

Tetris, ile ya kupanga maumbo yanayoanguka, naipenda mno. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwa maumbo saba tu, na hakuna aliyewahi kuiboresha kwa kuongeza kitu. Lakini Tetris Effect: Connected, nzuri kama ilivyo, inataka kadi ya picha. Laptopu ya ex-UK itapata moto kama pasi na picha itakatika. Isubiri mashine nyingine.

Solitaire, gemu ya karata ya mtu mmoja, usilipie. Ilikuja na Windows tangu mwaka 1990. Ile ya sasa ya Microsoft ni ya bure yenye matangazo, na malipo ya kila mwezi ni ya kuondoa matangazo hayo.

Flashi ya "gemu elfu moja" nayo iache. Ni nakala zisizo na ruhusa, nyingi hazifunguki, na mara nyingi zinaletwa pamoja na virusi kwenye laptopu ile ile unayotumia kwa M-Pesa na kazi za ofisi.

Kulipa na kupakua

Steam, duka la gemu la mtandaoni, inauza kwa dola, na Kenya unaweza kulipa kwa kadi ya GlobalPay ya M-Pesa, ile ya Visa iliyoanza mwaka 2022. Itengeneze kwenye programu ya M-Pesa, na usiombe namba ya siri ya kadi (CVV) mpaka ukurasa wa malipo uwe wazi, kwani hudumu muda mfupi tu. Gemu za PopCap nilizozitaja ni ndogo, hata bando ya simu inazipakua. Ukimaliza, fungua kila gemu mara moja ukiwa na intaneti, halafu ugeuze Steam kwenye hali ya nje ya mtandao na ujaribu tena kabla ya kuwaachia watoto.

Metal Slug 3 inunue GOG, duka jingine la mtandaoni, badala ya Steam. Pale unapewa faili lenyewe la kusakinisha, unaliweka kwenye flashi, na laptopu ikifa unalitia kwenye nyingine bila kumwomba mtu.

Gemu ikikataa kufunguka, omba pesa zako bila haya. Steam wanarudisha ikiwa hazijapita siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. GOG wanatoa siku 30.