Fundi aliyeniunguzia valvu mpya kwa sababu hataki kushika mita

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Amplifaya yangu ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), inayotumia aina ya EL34, ilianza kufifia sauti, nikaagiza jozi mpya kutoka Dar. Zilifika Tabora salama kwa basi, kibandiko kinasema ni pacha. Nikampelekea fundi mmoja karibu na soko, nikamwomba azifunge, kisha apime bayasi.

Jibu lake linaniwasha mpaka leo. "Bosi, hizi zimeshapimwa huko zilikotoka. Kwani ukibadili balbu chumbani unapima nini?" Vijana wake wakacheka.

Jamani! Valvu kuwa pacha maana yake zikipewa volti zilezile zinapitisha umeme unaokaribiana. Basi. Kibandiko hakijui amplifaya yako inazipa gridi, yaani ule waya wa ndani unaodhibiti umeme unaopita, volti hasi kiasi gani. Hiyo ndiyo bayasi, na hurekebishwa kwa bisibisi na mita, mashine ikiwa imeshapata moto. Yeye mita hata hakuigusa.

Akawasha. Haikuchukua muda, spika zikaanza kuvuma, na bamba la ndani la valvu moja, yaani anodi, likaiva jekundu. Nikamwambia zima. "Ndivyo zinavyowaka, bosi." Fundi mzima hatofautishi uzi wa ndani unaong'aa na anodi inayoungua! Nilichomoa plagi mwenyewe.

Mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo ndiye aliyenipimia: anodi volti 420, valvu ile inavuta miliampea 71. Zidisha, ni karibu wati 30, na mwisho wa EL34 ni wati 25. Mzee akaishusha hadi miliampea 40, ikakaa kidogo, ikapanda yenyewe. Imeshaharibika. Mwenzake ni mzima, ila kama kweli zilikuwa pacha, sasa nani atajua?

Haki yake nimpe: mkono wake kwenye kuchomea waya kwa risasi ni msafi, na redio ya jirani yangu aliitengeneza vizuri sana. Nilitaka kuandika kwamba redio za kawaida mpelekeeni bila wasiwasi. Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana, hata redio msimpelekee. Nilipomrudishia valvu akasema ni feki, eti niende nikadai Dar. Sasa lazima ninunue jozi nzima, na hela ya ufundi kaichukua yote. Hiyo ataitoa. Nitarudi pale mpaka aitoe.