Qatar Digital Library: hifadhi ya bure kwa anayeandika tasnifu kuhusu Uajemi

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetaka kuandika juu ya uhusiano wa Uajemi na mataifa ya nje, na hana nauli ya kwenda London wala Tehran, aanzie qdl.qa. Hailipishwi, na inampa karatasi zenyewe: barua, telegramu na ripoti zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kwa kazi ya kiwango hicho naipa alama za juu kabisa, ila ina mitego ambayo huharibu tasnifu nyingi zenye mada nzuri.

Maktaba hii ilifunguliwa Oktoba 2014 kwa ushirikiano wa Qatar Foundation, Maktaba ya Taifa ya Qatar na British Library. Kiini chake ni nyaraka za India Office, wizara ya London iliyosimamia India na mambo yake. Rezidenti, yaani mwakilishi wa Uingereza aliyesimamia mambo ya Ghuba, alikaa Bushehr, pwani ya Uajemi, mpaka ofisi yake ilipohamia Bahrain mwaka 1946. Majalada ya ofisi hiyo yanaanza na alama IOR/R/15/1. Ya Bahrain ni R/15/2, ya Kuwait R/15/5, ya Muscat R/15/6. Yanayoanza na IOR/L/PS yalitunzwa London. Zishike alama hizi mapema, maana suala lilelile hukutwa pande zote mbili: R/15 inaonyesha aliyekuwa papo hapo aliripoti nini, L/PS inaonyesha wakubwa walibishana nini kabla ya kuamua. Tasnifu iliyosoma upande mmoja tu hujulikana mara moja.

Mada ndiyo inayowaangusha wengi. “Uajemi na Uingereza, 1900–1950” haiandikiki kwa maneno 10,000. Chukua badala yake madai ya Uajemi juu ya Bahrain. Mkataba wa Jeddah wa Mei 1927, kati ya Uingereza na Ibn Saud, mwasisi wa Saudi Arabia, uliitaja Bahrain katika kifungu cha 6 pamoja na nchi nyingine zenye mikataba maalumu na Uingereza. Novemba mwaka huohuo Tehran ikapinga, na lalamiko likafika Shirikisho la Mataifa (League of Nations), lililotangulia Umoja wa Mataifa. Una tukio lenye mwanzo, mabishano ya kisheria na majibu yanayofuatana kwa tarehe. Ukijifunga kwenye miezi 18 kuanzia Mei 1927, mada hiyo inatosha kabisa.

Sasa utafutaji. Ukiandika Bushehr utakosa mengi, kwa sababu makarani waliandika Bushire. Vivyo hivyo Bahrain ni Bahrein katika karatasi nyingi, na Khorramshahr ya leo ni Mohammerah. Kwa nyaraka za kabla ya 1935 tafuta Persia; mwaka huo serikali ya Tehran ilitaka nchi iitwe Iran na Waingereza wakafuata, kisha wakati wa Vita vya Pili wakarudia Persia ili isichanganywe na Iraq. Kwa hiyo kwa miaka ya 1940 tafuta yote mawili. Maandishi yaliyo pembeni ya picha yamesomwa na mashine: kurasa za chapa hutoka safi, nakala hafifu za taipu hutoka na herufi zilizovurugika, na mwandiko wa mkono kwa kawaida haumo kabisa. Utafutaji ukirudi mtupu, usiandike kwamba nyaraka hazipo. Fungua maelezo ya jalada, uone linahusu miaka gani na nani alimwandikia nani, kisha pekua picha moja moja.

Kunukuu kunahitaji jicho. Katika majalada mengi, kona ya juu kulia ya kila karatasi ina namba ya penseli iliyozungushiwa duara. Hiyo ndiyo namba ya kutaja, pamoja na herufi r kwa upande wa mbele au v kwa upande wa nyuma. Karibu nayo huwa kuna namba nyingine isiyo na duara, ya mpangilio mwingine, na wanafunzi wengi huichukua hiyo. Matokeo yake msimamizi anafungua ukurasa uliotajwa na kukuta barua nyingine kabisa. Nakili marejeo (citation) yaliyotayarishwa chini ya picha, uongeze namba ya karatasi.

Tarehe nazo zina hila. Ukilinganisha na magazeti ya Tehran, kumbuka mwaka wa Kiajemi huanza karibu na Machi 21. Novemba 1927 ni mwaka 1306, unapunguza 621. Januari 1928 bado ni 1306, kwa hiyo hapo unapunguza 622.

Upungufu mkubwa wa hifadhi hii ni kwamba inaiona Uajemi kutoka baharini, tena kwa macho ya Mwingereza. Anayeandika juu ya Tabriz au Mashhad atapata kidogo; karatasi za ubalozi wa Uingereza mjini Tehran ziko Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza. Barua za Kiajemi zimo, lakini mara nyingi utakayoisoma ni tafsiri ya karani, na inafaa useme hivyo kwenye tanbihi. Kuziba pengo, soma kwanza makala za Encyclopaedia Iranica, iliyoasisiwa na Ehsan Yarshater: zina majina ya waandishi na orodha za vitabu. Kwa utamaduni na maisha ya nyumbani enzi za Qajar, ukoo uliotawala Uajemi mpaka 1925, nenda kwenye mkusanyo wa Harvard uitwao Women's Worlds in Qajar Iran, wenye mikataba ya ndoa, barua na picha za familia.

Kwa wanafunzi wa pwani yetu kuna mada inayongoja: Bandar Abbas, bandari ya kusini mwa Uajemi. Watawala wa Oman waliikodi kutoka kwa Uajemi, na mwaka 1856, mwaka aliofariki Sayyid Said wa Muscat na Zanzibar, kodi ilifanywa upya kwa masharti magumu zaidi. Uajemi ikaichukua tena 1868. Anza na kitabu cha Lorimer cha historia na jiografia ya Ghuba (Gazetteer), IOR/L/PS/20/C91. Kimechapwa, kwa hiyo mashine imekisoma vizuri, na maandishi hayo yanakula bando dogo kuliko picha.