Miezi mitatu ya kujifunza kurekodi na kumiksi studio: uzoefu wangu

Mwaka juzi niliirekodi kwaya ya kina mama hapa Mbagala, kwenye chumba changu cha biti. Kwenye hedifoni ilikuwa tamu. Walipoicheza kwenye simu ya kitochi, sauti ya kwanza ikasikika kama inaimbiwa nyuma ya ukuta. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mbona sisi hatupo?" Nilikosa jibu, na nina miaka sita kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki.

Ndicho kilichonipeleka kwenye kozi ya juu ya kurekodi na kumiksi, miezi mitatu, jioni nne kwa wiki, studio moja maeneo ya Kinondoni. Nililipa laki tisa kwa awamu tatu. Jina nalihifadhi kwa kuwa nina lawama nao pia.

Wiki mbili za kwanza kompyuta tuliigusa kwa nadra sana. Ilikuwa maiki tu. Siku moja mwalimu aliweka maiki ya Shure SM57 juu ya ngoma ya sneya na nyingine chini yake. Tukasikiliza moja moja, zote nzuri. Akazifungua pamoja, ngoma ikapwaya, mshindo wote ukaisha. Akabonyeza kitufe kimoja, kile chenye duara lililokatwa na mstari, mshindo ukarudi hadi kifuani. Fimbo ikipiga, ngozi zote mbili zinakwenda chini: ya juu inaikimbia maiki yake, ya chini inaijia yake. Mawimbi yanapingana, na ukiyajumlisha yanafutana.

Hapo hapo nikaikumbuka kwaya. Plagini, yaani kiprogramu cha nyongeza, niliyotumia kuzitanua sauti kushoto na kulia ilifanya hivyo kwa kuligeuza wimbi upande mmoja. Simu ya spika moja inajumlisha pande zote mbili, kina mama wakafutika. Nilikaa pale nikiona aibu kwa kazi niliyokabidhi na kulipwa.

Jambo la pili lililonibadilisha ni dogo zaidi. Dada mmoja alikuwa anaimba, herufi "s" zinachoma masikio. Mkono wangu ukaenda kwenye kipanya kutafuta plagini. Mwalimu akaniambia, "Mdogo wangu, iache kompyuta. Nenda kasogeze maiki." Nikaipandisha kidogo juu ya mdomo wake na kuiinamisha pembeni. Ule mchomo ukaisha.

Kumiksi tulifanyia kwenye Yamaha NS10, spika zilizotoka 1978 kwa ajili ya majumbani, ila mafundi wa studio wakazing'ang'ania kwa sababu hazirembi sauti. Sauti ya mwimbaji ikizidi, unaisikia papo hapo. Kompresa, kile kifaa cha kubana sauti inapozidi, nilikuwa naizungusha kwa kubahatisha. Sasa najua 4:1 maana yake kila desibeli nne zinazovuka kizingiti zinatoka moja.

Lawama zangu ni hizi. Tulikuwa wanafunzi wanane, kiti cha miksa kimoja, kwa hiyo jioni nyingine unaambulia dakika ishirini. Umeme ulikatika katikati ya rekodi, hawana UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, na kuimba kulikokuwa bora kuliko kote usiku ule kukapotea. Masta, ile hatua ya mwisho ya kuukamilisha wimbo, ilipewa siku tatu tu. Tuliambiwa Spotify huipunguzia sauti nyimbo inayozidi LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), tukafunga daftari. Kwa ada ile hapo walitupunja.

Kama hujawahi kushika programu yoyote ya muziki, usianzie huko. Kama una chumba chako na miksi zako hazitoki nje zikiwa hai, nenda, na uende na diski yako ya kuhifadhia kazi kila siku.

Kozi ilipoisha niliyafungua upya mafaili ya kwaya. Nikaitoa ile plagini, nikamiksi huku nikijaribu kwenye spika moja kila baada ya dakika chache. Nikampelekea yule mama, bila malipo. Akaiweka simu yake ya kitochi sikioni, akatulia mpaka ubeti wa pili, kisha akamshika jirani yake mkono: "Sikiliza. Mimi huyu hapa!"