Pikapu ya kukodi yenye hema la juu kwenye mchanga wa Kgalagadi: uzoefu wangu

Nilichokodi ni pikapu ya dizeli ya dabo kebini, 4x4, yenye hema la kukunjua juu ya paa, friji ya lita 40, tangi la maji la lita 60 na betri ya pili. Niliitumia siku tisa ndani ya Hifadhi ya Kgalagadi: nne upande wa Afrika Kusini, kwenye mabonde ya mito mikavu ya Auob na Nossob, na tano upande wa Botswana, kwenye mabwawa makavu ya Mabuasehube. Gari lenyewe linastahili alama nzuri. Vifaa vilivyokuja nalo ndivyo vya kukagua kimoja kimoja kabla hujatia saini, kwa sababu Mabuasehube hakuna fundi, hakuna mafuta, na simu haishiki.

Nianze na upepo wa matairi, maana ndio ulioamua karibu kila kitu. Gari lilikabidhiwa likiwa na PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 36 mbele na 38 nyuma, kiasi cha lami. Ukiingia hivyo kwenye mchanga, tairi linakanyaga kwa eneo dogo, linachimba badala ya kuelea, injini inakula mafuta na joto linapanda. Kwa mzigo kamili nilitumia PSI 24 kwenye changarawe na mchanga mgumu, 18 mbele na 20 nyuma kwenye mchanga mzito, na 14 pale tu gari lilipokwama. Chini ya hapo ukikata kona kwa nguvu, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Pima alfajiri, jua likiwa bado halijayagusa matairi: joto likipanda nyuzi 6 hivi, geji nayo inapanda takribani PSI 1, kwa hiyo ukipunguza mchana utajikuta asubuhi uko chini kuliko ulivyokusudia. Ndani ya hifadhi kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na mwendo huo unalingana na PSI 20. Ukirudi kwenye lami na upepo huo, kuta za tairi zinachemka hadi zinapasuka.

Tena tairi gumu halimuumizi dereva peke yake. Likipanda tuta la mchanga linarukaruka, na kila linapotua linachimba shimo. Mashimo yale ndiyo yanayovunja springi za anayekuja nyuma. Kwenye miinuko weka 4H (magurudumu manne, mwendo wa kawaida) tangu mwanzo, siyo pale gari linapoanza kuzama.

Pampu ya upepo iliyokuja na gari ndiyo kasoro yangu kubwa. Ilikuwa ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Kupandisha tairi moja la 265/65 R17 kutoka PSI 18 hadi 32 ilichukua zaidi ya dakika kumi, na kwenye tairi la tatu fyuzi ya tundu ikaungua. Pampu ya maana ina pistoni mbili, inasukuma lita 100 au zaidi kwa dakika, na inabanwa kwenye betri moja kwa moja kwa klipu mbili. Tairi hilohilo inalimaliza kwa dakika tatu hivi. Injini iwe inanguruma unapojaza, na baada ya kila matairi mawili pampu ipumzike, la sivyo sili za pistoni zinaungua. Kama mwenye gari hana pampu ya aina hii, beba yako, pamoja na geji yako mwenyewe. Ya gari ilikosea kwa PSI 3, na kwenye mchanga tofauti hiyo unaisikia kwenye usukani.

Kukwama kupo, hata kwa dereva mzuri. Matairi yakianza kuzunguka bure, ondoa mguu papo hapo. Sekunde tano za ubishi zinalikalisha gari juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Kwanza jaribu kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu mchanga ule umeshashindiliwa. Ikishindikana, chukua koleo utoe mchanga mbele ya matairi yote manne, siyo mawili, kisha uliojazana chini ya difu. Shusha hadi PSI 14, sukuma vibao vya kujinasua viingie vizuri chini ya tairi, weka 4L (magurudumu manne, mwendo wa polepole wenye nguvu) gia ya pili na utoke taratibu. Ukitoka usisimame mpaka ufike mahali pagumu. Kamba ya kuvutana ifungwe kwenye ndoano zilizoungwa kwenye chesisi, kamwe isifungwe kwenye mpira wa kukokotea trela: ukikatika unaruka kama risasi na unaua. Winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya, sikuikosa hata mara moja, kwa kuwa kwenye matuta ya mchanga ni nadra kupata mti imara wa kuifungia.

Jeki ya gari ilifaa kwa lami tu. Kwenye mchanga inazama yenyewe kabla gari halijainuka. Suluhisho ni ubao wa plaiwudi nene wa sentimita 30 kwa 30, uwekwe chini ya jeki. Siku ya makabidhiano shusha tairi la akiba kabisa, mpaka lifike chini. Langu lilikuwa limening'inia kwenye mnyororo ulioshika kutu, na spana ya magurudumu haikuenea kwenye nati. Yote mawili yalirekebishwa palepale. Yangegunduliwa njiani, safari ingeishia hapo. Matairi ya akiba yawe mawili.

Jambo ambalo wakodishaji hulitaja kwa nadra ni nyasi. Baada ya mvua za majira ya joto ya kusini, nyasi huota katikati ya njia, baina ya alama za magurudumu, hadi kufikia bampa. Mbegu zake huziba rejeta na injini inachemka. Dawa ni wavu wa mbu mgumu uliofungwa mbele ya grili, usafishwe kila unaposimama. Hatari kubwa zaidi iko chini ya gari: nyasi kavu hujisokota kwenye bomba la ekzosi na kushika moto, na gari likiwaka kwenye nyasi huwezi kuliokoa. Mimi nilikuwa nasimama kila kilomita 30, nalala chini na kuchomoa nyasi kwa waya wenye ndoano, hasa kuzunguka ekzosi na juu ya sahani ya kukinga tangi. Kizimamoto kikae ndani, karibu na dereva. Nilikikuta kimefungwa nyuma ya masanduku, mahali ambapo hakimsaidii mtu.

Friji ilifanya kazi vizuri ilipopata umeme wa kutosha. Kwenye joto la mchana hutumia takribani ampea-saa (kipimo cha chaji ya betri) 40 hadi 50 kwa siku. Betri ya pili ilikuwa ya risasi, ampea-saa 100, na betri ya aina hiyo usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja tu ya kukaa kambini bila kuwasha gari. Hata hivyo, friji ilikuwa ikijizima usiku huku betri ikiwa bado na chaji. Chanzo kilikuwa waya mwembamba uliotoka mbele hadi nyuma: volti zinapungua njiani, friji inadhani betri imekwisha. Waya wa milimita za mraba 6 wenye fyuzi ya ampea 15, moja kwa moja kutoka betri ya pili, unamaliza tatizo hilo.

Maji nilihesabu lita 8 kwa mtu kwa siku, tano za kunywa na tatu za kupika na kunawa, kisha nikaongeza siku mbili za akiba. Watu wawili kwa siku tano inakuwa lita 112. Usiyaweke yote kwenye tangi moja. Bomba la plastiki likipasuka unapoteza kila kitu. Kwa mafuta, gari lililokuwa likitumia lita 11 kwa kilomita 100 za lami lilifika 17 kwenye mchanga. Mafuta yanauzwa Twee Rivieren, Mata-Mata na Nossob. Kwa upande wa Mabuasehube jaza Tsabong na ubebe madumu mawili ya lita 20. Uzito huo wote ukae chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Hema pekee lina kilo kama 60 juu ya paa, na linatosha.

Hema lenyewe ni zuri, na kambi za Botswana hazina uzio. Simba hufika Mabuasehube wakifuata maji, kwa hiyo usiache beseni wala bomba linalovuja. Fisi huchukua viatu na masanduku ya chakula, hutafuna hata mipira. Choo usiku usikiendee; beba chombo chenye mfuniko juu hemani. Zipu zilizojaa mchanga zipake nta ya mshumaa. Julai joto la usiku hushuka chini ya sifuri, na blanketi za kampuni zilikuwa nyepesi mno.

Uwekaji nafasi una milango miwili: SANParks, shirika la hifadhi za taifa, kwa Afrika Kusini, na idara ya wanyamapori ya Botswana kwa upande wake. Ukiingia kwa nchi moja na kutokea nyingine, lazima ulale hifadhini angalau usiku mbili, na gari la kukodi liwe na barua ya kuvuka mpaka.

Kabla ya kugusa lami rudisha PSI 36 na 38, kagua shokapu kama zinavuja mafuta, kisha pita chini ya gari mara ya mwisho na ule waya wa ndoano.